Maneno Niliyokula Njiani

Papa,

Nimemaliza shule. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama Mama amekula. Nimefaulu. Somo nililolipata vizuri kuliko yote ni Kizulu. Mwalimu alinipigia simu kunipongeza na mimi nikamuaga haraka, akadhani ni aibu yangu ya kawaida. Ningemwambia nini? Kwamba Kizulu changu ndicho kilichokuua?

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile ulichonifundisha Jumapili baada ya ibada, ukinisahihisha kwa chaki yako ya kukatia vitambaa. Watoto wengine wa kanisani waliacha kukisema. Mimi ulinikataza kuacha, ulisema kuna siku nitakuwa na jambo la kukuambia ambalo Kiingereza hakitalibeba. Siku hiyo imefika, ila wewe hupo.

Unakumbuka kontena letu la ushonaji, mtaani Diepsloot? Cherehani mlangoni ili upate mwanga, mimi nyuma na kopo la vifungo. Mteja akianza Kizulu unaniita. Wewe ulijua kusalimia na kutaja vipimo, basi. Ulisema kichwa chako kimejaa Bukavu, hakuna nafasi. Kwa hiyo tangu darasa la nne nilikuwa mdomo wako, mimi ambaye kwa shida nasema jina langu mbele ya watu.

Lakini sikuwa mdomo mwaminifu. Mtu akikutukana, nilikuambia ana haraka. Akikuita lile jina wanalowaita wageni, nilikuambia anaulizia suruali yake. Ulikuwa ukinitazama juu ya miwani, unasema: "Faida, mbona yeye amesema mengi hivyo, wewe unaniletea kidogo? Mengine umekula njiani?" Tulicheka. Mimi nilidhani ni adabu. Mtoto wa kwetu hamwangalii baba yake usoni akamtupia neno chafu, hata kama neno si lake.

Na Malume aliingia kwetu kwa adabu pia.

Malume kwa Kizulu ni mjomba, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Mwaka ule watu walipovunja maduka ya wageni, yeye na watu wake walisimama mbele ya safu yetu ya maduka na fimbo tangu asubuhi, na hakuna aliyegusa hata kufuli. Kesho yake ulimwita umpime suti. Ya kijivu. Bega lake la kushoto limeshuka, ukaweka pamba ndani ili mabega yasawazike. Ulisema mtu aliyekulinda humwachi aende mikono mitupu. Mama Aline, yule Mrundi wa spaza, kile kiduka cha jirani, alimpelekea sukari na mafuta. Wengine wakafuata. Hakuna aliyetulazimisha, Papa, na hilo ndilo linaloniuma. Mwezi uliofuata alikuja mtu wake kusema Malume anasubiri shukrani. Kisha shukrani ikapangiwa siku. Aliyechelewa alivunjiwa dirisha, na waliovunja ni wale wale waliosimama na fimbo.

Baadaye nilikwenda maktaba kusoma juu ya mafia. Nilitaka kujua kama sisi ni wajinga peke yetu. Nikasoma kwamba kule Sisilia kulikuwa na walinzi wa mashamba ya malimau. Serikali ilikuwa mbali na wezi walikuwa karibu, kwa hiyo mwenye shamba alimhitaji mlinzi. Mwisho hakujua tena amlipe mlinzi kwa sababu ya wezi, au kwa sababu ya mlinzi mwenyewe. Nilifunga kitabu. Kilikuwa kinaeleza safu yetu, isipokuwa malimau.

Sasa ile Jumanne. Siwezi kuizunguka tena.

Alikuja yule mtu wa Malume mwenye sauti ndogo, anayeongea polepole kama muuguzi. Alisema Malume anakuamini, watu wa Kongo na Burundi wanakuheshimu, kwa hiyo kuanzia sasa wewe ndiye utakayepita kwao kukusanya shukrani. Hiyo nilikutafsiria yote. Uliweka mkasi chini. "Mwambie hapana. Siendi kumkamua Mama Aline kwa ajili ya mtu. Lakini mwambie kwa heshima."

Nilimwambia kwa heshima. Akajibu, kwa sauti ile ile ndogo, huku ananitazama mimi.

Nami nikakugeukia nikasema: "Amesema sawa, watarudi Ijumaa muongee."

Ulifurahi. Ulisema, "Waje. Nitawawekea chai." Alhamisi ulinunua mkate.

Ijumaa mchana nilikuwa kwenye mtihani. Waliponiita ofisini nilijua kabla hawajafungua mdomo. Nilifika kontena nikakuta watu wengi, na juu ya meza ya kukatia vikombe vitatu safi, vimefunikwa na kipande cha kitenge ili visiingiwe na vumbi.

Kwenye matanga yako, Papa, hema na viti vilitoka kwa Malume. Watu walisema ana moyo. Bado wanasema. Amewanunulia vijana jezi, ameweka mabati kwenye kanisa moja, na mtu akiibiwa anakwenda kwake kwanza. Alikaa mstari wa mbele amevaa suti ya kijivu, mabega yake sawa kabisa. Alipotaka kusema, mchungaji alitafuta mkalimani, akaniita mimi. Nilisimama pembeni ya picha yako. Alisema ulikuwa rafiki yake, fundi asiye na mfano, na kwamba wahalifu wanauharibu mtaa. Siku ile sikula hata neno moja. Nilimtafsiria yote, mpaka watu wakalia. Sijui kama utanisamehe hilo.

Mama nilimficha maneno ya Jumanne ile. Tulihamia mtaa wa Observatory kwenye chumba cha mama mmoja wa kanisa, Mama anasuka nywele, mimi nashona pindo kwa cherehani yako. Kila alipoanza, "Laiti tungejua," niliinuka kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Mwezi uliopita nilikwenda Diepsloot kumsalimia Mama Aline, na yule mwenye sauti ndogo akaingia. Alimtaka afanye kazi ile ile uliyoikataa wewe. Mama Aline, ambaye Kizulu chake ni cha bei tu, akaniangalia nimtafsirie. Nilisema yote, kama yalivyo, na lile la mwisho la kuchoma duka na yeye akiwa ndani. Alikaa juu ya kreti ya soda. Alisema tu, "Eish, mwanangu. Asante." Jioni ile akafunga, akaondoka na watoto. Usiku wa tatu spaza iliungua, tupu. Yuko hai, Papa. Ananipigia simu.

Basi nikaenda polisi kuandikisha kesi ya kifo chako. Mama alikuja nami, na ilibidi nimweleze kwa Kiswahili nilichokuwa namwambia afisa. Hapo ndipo alipojua. Hakulia. Aliuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na sita. Tulipotoka, kwenye robot, zile taa za barabarani, alinishika mkono kuvuka barabara kama mtoto mdogo, na hakuuachia tulipofika upande wa pili.

Sina habari njema za kesi. Afisa alipiga mhuri, akasema tusubiri. Wawili wa safu yetu walioahidi kushuhudia wameshakataa. Malume bado anasalimiwa. Lakini nimeweka jina langu kwenye ile karatasi, na nikiitwa nitasimama. Naahidi pia hili: mtu akinipa neno nimfikishie mwingine, nitalifikisha zima, hata likinichoma mdomo.

Nianze na wewe. Hivi ndivyo alivyosema Jumanne ile:

"Mwambie baba yako asimpokee mtu kitambaa, kwa sababu Ijumaa hatakuwepo wa kukishona. Tutakuja mchana ukiwa shuleni, Malume hapendi mtoto aone. Na umwambie Malume anashukuru kwa suti."

Ni hayo, Papa. Ndiyo niliyokula njiani.

Pumzika. Vikombe vyako nimeviosha, nimeviweka.

Mwanao,
Faida