Alama Nyekundu Ng'ambo ya Mto

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum. Mguu wako unaendeleaje, na lile vumbi la mtaa wa Wabera bado linakusumbua kifua? Mimi huku Ujerumani ni mzima wa mwili, ila nimejaa hasira na sitakuficha.

Unajua kazi yangu: tunafundisha mashine ibashiri wizi wa mifugo kabla haujatokea, ili askari watangulie. Inasoma mvua, bei ya ng'ombe, na simu za watu zinakoelekea. Sasa imekosea. Ikiona wanaume wachache wametoka haraka bila mifugo, inawaita majambazi na kuwapiga alama nyekundu, ikidhani safari yao ndiyo inayoleta uvamizi. Kumbe wamekwenda abuuru tu, yaani wametangulia kutafuta nyasi na maji kabla ya kundi kuhama. Ukame ndio unaowatoa nyumbani, na ukame huohuo ndio unaowatoa wezi.

Niligundua nikanyamaza. Alama nyingi zilikuwa ng'ambo ya mto, kwa watu wa yule aliyemuua Baba, na nilipoziona nilifurahi, Mama. Nilisema moyoni wakamatwe, walazwe chini juani, wapigwe mateke, nao waonje uchungu. Najua utasema, "Hiyo maneno achia Mungu." Nimemwachia miaka yote hii na muuaji bado anachunga.

Jana ndugu yangu Guyo akanipigia kutoka kule Merti. "Ndugu yangu, huku nyasi imeisha kabisa. Tunatoka watu watatu kwenda abuuru, tunavuka mto."

Nikamwambia asiende, askari watamdhania mwizi. Akacheka. "Sasa ng'ombe wakule simu yako?"

Mashine haijui Guyo ni mtoto wa nani, nayo ingempiga alama nyekundu kama wao. Basi leo nimewaeleza wakubwa wangu kosa liko wapi, na alama zimefutwa zote, zake na zao. Muuaji wa Baba atapita palepale salama, na mimi ndiye niliyemfungulia njia kwa ajili ya ndugu yangu. Nilitoka pale ofisini nikalia kwa uchungu.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mjomba wetu wa lori akirudi safari. Guyo akifika nyumbani mpe maziwa, usimwambie lolote. Na watu wakikuuliza kama mwanao amesamehe, waambie hajasamehe.

Ni mimi mwanao,
Jarso