Neno Sugu

Jumatano, 3 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi ni mzima, na ni lazima niwe mzima, maana siku nikiugua mimi hospitali hii itafungwa. Sisemi kwa kujisifu. Daktari mkuu akiniona kwenye korido na trei yangu hujibana ukutani anipishe, kwa kuwa anajua nilichobeba: damu za wodi zote, na bila miguu yangu hakuna mgonjwa humu angejua anaumwa nini. Mwaka ule wa mafuriko nilivuka ua wa hospitali na kasha la chupa kichwani, maji yananifika kifuani, na hakuna tone lililotikisika. Watu walinipigia makofi madirishani. Ungewauliza wenyewe, basi tu wengi wameshastaafu.

Na wewe hujambo huko? Macho yanasemaje na hiyo kazi yenu ya kusugua vioo vya miwani?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenyewe anayo mama yako, na ukuta kati ya chumba chake na changu ni mwembamba, nikikohoa ananipa pole. Barua nampa kondakta wa basi, anasema karakana yenu anaifahamu.

Mama yako hayuko sawa. Wewe ukimpigia anakwambia hajambo. Lakini shuka zake asubuhi zimelowa kana kwamba zimetoka kufuliwa. Akila vijiko viwili vitatu anasema ameshiba. Na ameanza kushika ubavu wa kushoto, kama mtu aliyeficha kitu chini ya nguo. Basi nikamchukua mwenyewe hadi hospitali, akatolewa damu, na chupa yake nikaibeba mimi. Nimebeba damu za watu miaka yote hii, mpwa wangu, hiyo ilikuwa nzito.

Maabara yupo mama mmoja mtaalamu wa damu tunayemwita Bi Hadubini, kwa vile kumwona bila jicho lake kwenye hadubini ni bahati. Akaweka tone la damu ya mama yako kwenye kioo, akalivuta kwa ukingo wa kioo kingine hadi likawa utando, akaukausha, akaumwagia rangi. Ukatoka wa zambarau. Jua la alasiri likapita katikati yake na kuangukia meza, na kwa muda hivi meza nzima ikawa kama ndoto ya mtu mwingine. Mama yako alikuwa amesinzia kwenye benchi nje, viatu amevivua.

Bi Hadubini alipokwenda kunawa, nikainama na kuchungulia. Niliona. Matete meusi, marefu, yanayumba taratibu juu ya ziwa la zambarau. Yanainama, yanainuka, kama yananisalimia. Papo hapo nikajua ugonjwa ni upi, ila sikutaka kumtangulia Bi Hadubini. Ni adabu ya kazi.

Usiwe na wasiwasi. Mimi niko hapa.

Mjomba wako


Jumapili, 7 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, macho yanauma kidogo tu. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nilipofika kwenye yale maji ya kifuani nilicheka, halafu nilipofika kwenye shuka sikucheka tena.

Mjomba, hayo matete ni kope zako. Hapa karakana kila mwanafunzi mpya akiinamia chombo cha kukagulia lenzi huziona, na kila mmoja hudhani ameona jambo kubwa. Ukipepesa, zinainama. Fundi wetu mkuu anasema mtu akishajua kuzipita kope zake ndipo anaanza kuona.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Majibu yakitoka, niandikie alichokiona Bi Hadubini, siyo ulichokiona wewe. Mtihani wetu wa mwisho uko mwisho wa Mei, na anayeondoka kabla yake harudishiwi nafasi. Nitaondoka kama ni lazima. Ila nataka kujua kama ni lazima.

Mama nilimpigia. Kasema hajambo.

Mpwa wako


Ijumaa, 12 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu leo tuiache.

Majibu yametoka. Nilisimama mlangoni na trei yangu nikamsikia Bi Hadubini akimsomea daktari. Ni saratani ya damu. Tena kasema, ni ile sugu.

Sugu, mwanangu. Neno hilo silihitaji kufundishwa. Chumba cha pili kutoka hapo wanapima vijidudu vya vifua, na makasha ninayobeba kutoka humo huandikwa sugu kwa wino mwekundu, maana yake wamevijaribu kwa dawa hii na ile na vyote vimezicheka dawa. Nikibeba makasha hayo huyashika mbali na mwili. Sasa limesemwa juu ya damu ya dada yangu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Labda ningesubiri, lakini uso wangu naujua mwenyewe, haufichi. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi ya mwisho, akaniuliza kama dawa ipo. Nikamwambia sugu ni ile isiyosikia dawa. Akasema basi harudi tena hospitali, wasimchomechome bure. Daktari alikuwa amempangia kurudi Jumatatu kutolewa damu nyingine. Hakwenda kuutafuta hata ule mkoba wake wa kliniki.

Tangu hapo anakaa dirishani. Mchana mwanga ukimpita shavuni naona kama amekuwa mwembamba wa kupitisha jua, kama ule utando kwenye kioo. Jana nilimwota yuko ndani ya maji ya zambarau anatembea, ananipungia mkono, na mimi nimebeba kitu siwezi kukiweka chini nimpungie.

Njoo.

Mjomba wako


Jumamosi, 13 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Kondakta anasubiri jibu, naandika kwa kusimama.

Begi nimefunga. Fundi mkuu nimeshamwambia, alifuta miwani yake tu. Nimekata tiketi ya Jumanne asubuhi.

Lakini jibu hili kwanza. Kwamba dawa hakuna, kasema Bi Hadubini, au umesema wewe? Nenda kamwulize. Mwulize kama mtu asiyejua kitu. Najua kwako ni kazi ngumu kuliko mafuriko.

Mpwa wako


Jumatatu, 15 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Rudisha tiketi. Soma yote kwanza, lakini rudisha tiketi.

Leo asubuhi nilikwenda. Nilizunguka meza ya Bi Hadubini kama anayetafuta kitu kilichomdondoka, hadi akainua jicho na kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijui maana ya sugu. Maneno hayo manne, mpwa wangu, yalinipita kooni kama mwiba wa samaki. Nikamweleza na nilichomwambia dada yangu. Hakucheka. Aliondoa miwani, akanivutia kiti, na mimi kwenye maabara ile sijawahi kuketi.

"Ile ya kwenye makasha ni sugu ya dawa," akasema. "Hii ni sugu ya muda. Maana yake haina haraka."

Kumbe saratani za damu wanazigawa. Kwanza, chembe nyeupe zilizoharibika ni za ukoo gani, maana ndani ya uboho wa mifupa koo ni mbili. Halafu, ni kali au sugu. Ile kali ndiyo ya kukimbiza mtu, chembe zinatoka kwenye uboho zikiwa vichanga, hazijajua kazi, zinajaa damu nzima kwa wiki chache. Ile sugu hukua polepole, mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Mimi nilikuwa nimegeuza dunia juu chini. Nilidhani kali ndiyo yenye nafuu, maana hata pilipili ni kali na tunaila.

Akaniwekea kioo cha mama yako. Akaniambia nitulie, nisisogeze uso, niziache kope zipite. Zikapita. Halafu nikaona, sasa nakwambia nilichoona kweli: duara nyingi za zambarau, zimesongamana kama watu wametoka msibani wote kwa mlango mmoja. Akanionyesha vichanga, wachache. Akanionyesha vijana, na watu wazima wenye viini vilivyokatikakatika. Rika zote zimo. Hiyo ndiyo alama, akasema, katika ile kali ungeona karibu vichanga vitupu. Hawa wa mama yako wote ni wa ukoo mmoja, wamezaana kupita kiasi, na wengine wamejazana kwenye bandama ndiyo maana ubavu wa kushoto umemvimba.

Sasa damu nyingine inapelekwa maabara kubwa kutazamwa nyuzi za ndani kabisa, zile za urithi. Wanatafuta nyuzi mbili zilizokatika na kubadilishana ncha. Wakiukuta mbadilishano huo, ipo dawa yake ya kumeza, imetengenezwa kwa ajili yake tu. Wasipoukuta, watafikiri upya. Hajaniahidi kitu na mimi sikuahidi. Unaona ninavyojifunza.

Nilikimbia nyumbani. Nikamweleza mama yako yote, kwa mikono na miguu. Unajua alichofanya? Alinitazama kwa huruma. Akaniambia amenisikia tangu nina meno ya utoto, na hii ni mojawapo ya hadithi zangu nzuri, ahsante, lakini hospitali harudi. Maisha yangu yote nimewaambia uongo wakaniamini, leo nimesema kweli nikapewa ahsante.

Sikubishana. Nilimwomba anisindikize kazini tu, kwa kuwa sijisikii vizuri. Hilo aliliamini, akavaa viatu.

Bi Hadubini alimkalisha pale pale nilipokalia. Mama yako akainama. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapumua, mashine ya kuzungushia chupa inanguruma chini chini kama mtu anayebembeleza mtoto, na nikaona mwanga wa zambarau kwenye jicho la dada yangu. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikayameza.

"Wezi ni wepi hapo?" akauliza.

"Hakuna mwizi," Bi Hadubini akamjibu. "Wote ni wako. Wamezidi tu."

Mama yako akachungulia tena. Akasema wamependeza. Halafu akakunja mkono wa gauni mwenyewe na kuuweka mezani, kiganja juu, bila kuambiwa, akatolewa damu.

Kaa ufanye mtihani wako. Ikibidi uje, nitasema uje, na safari hii nitakuwa nimeuliza.

Mjomba wako


Alhamisi, 18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Tiketi nimerudisha. Fundi mkuu aliponiona asubuhi mezani pangu alinisogezea lenzi ambayo haijasuguliwa. Nililia juu yake, ikabidi niikaushe upya.

Mama amenipigia simu yeye. Kwa mara ya kwanza hakusema hajambo. Alisema, "Nimeiona damu yangu, mwanangu, ina rangi kama vitenge vya bibi yako."

Majibu ya nyuzi yakija niandikie siku hiyo hiyo. Na kama dawa ikipatikana, Mjomba, hiyo ni ya kila siku kwa miaka. Mama namjua. Akipata nafuu ataiacha. Yeye vidonge vinamtia kichefuchefu hata akiviona kwenye tangazo. Nakukabidhi wewe. Nieleze anavyomeza, na nieleze kweli.

Mpwa wako


Jumapili, 1 Septemba

Mpwa wangu mpenzi, fundi miwani mwenye cheti,

Marahaba na hongera tena. Miwani uliyoniletea ulipokuja naivaa kazini, na sasa madaktari wawili hujibana ukutani kunipisha, siyo mmoja.

Uliniomba nikueleze kweli, basi kweli ndiyo hii: dawa ya mama yako bila mimi isingefanya kazi. Tangu siku ile majibu yalipokuja kwamba nyuzi zimebadilishana ncha kweli, na daktari akamwandikia vidonge, mimi ndiye nimeshika usukani. Jana Bi Hadubini aliweka kioo kipya. Ule msongamano umetawanyika, chembe zimeachiana nafasi, zinaelea mbalimbali kama watu wanaotembea ufukweni asubuhi bila safari. Kasema hesabu imerudi panapotakiwa, ingawa nyuzi zitaendelea kupimwa. Bandama imenywea. Mama yako anamaliza sahani na kuangalia yangu.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya pili tu alianza kuviangalia vidonge kwa jicho la pembeni. Siku moja nikakuta kimoja kwenye chungu cha ua. Nilimuuliza, akasema anachoka kuwa mgonjwa peke yake mezani, mimi nakula naye tunacheka, halafu ukifika wakati wa kidonge anabaki yeye na glasi yake.

Nikamwambia basi, na mimi nitameza. Daktari akaniandikia vya vitamini, akasema havinidhuru. Tangu hapo kila jioni baada ya chakula tunakaa wawili, jua linaingia chini chini na kugeuza maji kwenye glasi kuwa dhahabu, yeye na chake na mimi na changu, tunatazamana kama wacheza karata. Hajakosa hata siku moja. Nimewasimulia watu hapa kazini kwamba dada yangu anaishi kwa sababu namwonyesha jinsi mwanamume anavyomeza dawa, bila maji, kichwa kimerudishwa nyuma.

Lakini uliniomba kweli, na mama yako akija kwako mwezi ujao atakwambia tu, bora nikuambie mimi. Kidonge hakinishuki, mpwa wangu, tangu utotoni. Jioni ya kwanza kilinikwama nikatapatapa hadi majirani wakaja. Sasa yeye akishameza chake, anachukua changu, anakiponda katikati ya vijiko viwili, anakikoroga na sukari, na ananishikia kidevu nisiteme.

Mjomba wako