Nani Atamsahihishia Mwanaidi

Kisauni, Jumatano, 1961

Na Mwanaidi ndiyo kwanza alikuwa ameacha kufuatisha maneno kwa kidole asomapo.

Leo niliwaandikia darasa la nne kifungu cha ufahamu ubaoni, habari ya mama apandaye mihogo, na maswali chini yake. Mwanaidi alikisoma chote kwa sauti bila kukwama. Wenziwe wakampigia makofi.

Mara ami yake akabisha hodi mlangoni. "Mwalimu, nimemfuata mtoto. Ameshakuwa mwari, na posa tumeipokea."

"Ami, bado mdogo. Mwacheni japo amalize mwaka."

"Mwanangu, wewe ni wa hapa hapa. Mambo haya wayajua."

Nayajua. Ndiyo yanayonila moyo.

Mwanaidi hakulia. Aliyanakili maswali upesi upesi, kisha akaja kunibusu mkono. "Nitayajibu nyumbani, inshallah. Lakini nani atanisahihishia, mwalimu?"

"Nitakuja kwenu mimi mwenyewe."

Ami akainamisha kichwa. "Kesho twampeleka Lamu, mwalimu, akaolewe huko."

Mtoto akaniangalia, angojea niseme neno. Nami nikageukia ubao, nikaanza kukifuta kile kifungu.