Utando wa Kijani

Jumatatu, 1 Julai 1968
Nimekwangua kioo cha tangi tena. Wembe mkononi, kanga kiunoni. Utando wa kijani niliouondoa wiki iliyopita umerudi wote, na nyuzi zimeota juu ya mawe kama nywele. Sebule inanuka shombo. Nimechoka.

Maji ya bahari hayachotwi kisimani. Mume wangu, Idi, ni gadi wa treni; huyaleta kwa madebe kutoka Dar es Salaam, ndani ya behewa lake. Tangi na pampu ya hewa alinunua kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Alininunulia mimi, mtoto wa Tanga niliyekuwa nikililia pwani. Samaki wawili, wa manjano na wa milia, na konokono wachache. Basi. Siombi kingine Tabora hii.

Jumanne, 2 Julai
Nimemkamata! Wifi Mwajuma, dada yake Idi, anawatupia samaki ugali. Ugali na dagaa, kila tukila sisi. Ananiambia, "Umewafunga jela? Wenzako wanashinda njaa."

Chakula kinaoza chini, utando unanenepa. Na pazia anafungua yeye, majirani wapate kuona. Jua linapiga maji mchana kutwa. Mimi nakwangua, yeye anapalilia. Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Alhamisi, 4 Julai
Nimefunika kioo kwa blanketi. Chakula kidogo tu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nyuzi nimezivuta kwa kijiti, nikizungusha kama mtu anayesokota uzi. Nimebadilisha debe moja la maji. Konokono nao wanafanya kazi yao, wameacha njia nyeupe kwenye kioo. Utando unapungua. Nauona unapungua!

Idi amerudi safari, hakufurahi. Jumapili ni Saba Saba, wageni wa tawi la chama watakula kwetu, na kumbe amekwisha kuwasimulia habari za tangi. Anataka ling'ae. Nimemwambia linataka subira, labda mwezi. Ameguna.

Jumamosi, 6 Julai
Kutwa shamba la ujamaa, kupukuchua mahindi. Vidole vimechubuka. Idi alibaki, alisema ana zamu. Hakuwa na zamu yoyote.

Nimerudi jioni, maji meupe pee. Idi anacheka peke yake. Nimeuliza, hasemi. Nimefurahi, naenda kulala.

Jumapili, 7 Julai
Nina hasira.

Wageni wamekuja, pilau imeliwa, blanketi likaondolewa. Maji yana ubuluu. Mwenyekiti wa tawi kapiga makofi. "Hii ndiyo bahari yenyewe!" Wote wakasogea. Mimi nikatazama chini. Konokono wote wameanguka, wamelala chali. Wa milia anahema juu juu, mdomo nje ya maji. Pembeni ya jiwe, chembe za buluu.

Mrututu. Ule wa kutia kwenye vidonda. Mwenye duka alimwambia Idi unaua utando kwenye birika za ng'ombe. Lakini ng'ombe haishi ndani ya birika!

Sikungoja wageni waondoke. Nimeingiza mkono hadi kwapani, mbele yao, nguo ya sikukuu imelowa, nikawatoa samaki mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya akiba. Pampu nikaihamisha. Idi akaninong'oneza niache, namwaibisha. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Umewatilia sumu, Idi. Unataka niwatazame wakifa huku wageni wanapiga makofi?"

Mwenyekiti akatafuta kofia yake.

Walipoondoka, Idi alisema sina adabu. Sawa. Sina.

Jumatatu, 8 Julai
Wa milia amekufa.

Idi ameondoka na treni bila kuaga. Aende.

Jumatano, 10 Julai
Nimemwaga maji yote shimoni. Mchanga nimetupa, mawe nimetupa. Nilikuwa nikisugua kioo peke yangu uani, nalia kwa hasira, mara wifi Mwajuma akaja na kitambaa. Akasugua upande wake. Tumesuuza mpaka mikono imekufa ganzi.

Baadaye akasema, "Mimi nilidhani nawaonea huruma." Nilimpa kiti.

Wa manjano yuko ndooni. Hali kitu.

Jumamosi, 13 Julai
Idi ameingia alfajiri na mkokoteni wa madebe ya maji ya bahari, mchanga na mawe. Salamu tu, hakuna zaidi. Tumejaza tangi sisi watatu. Maji yalikuwa na vumbi la mchanga, tukayaacha yatulie mpaka alasiri, kisha nikamtia samaki taratibu.

Alijificha. Halafu akatoka, akazunguka, akadonoa kipande cha kamba wa pwani nilichomdondoshea. Amekula.

Nilipogeuka kumwambia Idi, alikuwa amelala mkekani na sare yake. Nimemvua viatu. Suruali imekauka kwa chumvi, kutoka miguuni hadi juu ya magoti. Bado nina kinyongo. Nimemfunika shuka, nikakaa karibu yake, namtazama samaki.