Nguruwe Wangu Hajala Leo

Gasenyi, Alhamisi, Novemba 1998

Na bado watu walipiga makofi! Tuliitwa mkutanoni kwa ajili ya homa ya nguruwe. Sisi wafugaji tukakubali kwamba hasara ya nguruwe watakaouawa igawanywe kati ya serikali, kiwanda cha soseji na sisi wenyewe. Vizuri sana. Kisha mtu wa kiwanda akasema watatoa fungu lao siku serikali itakapotoa lake. Veterineri, daktari wa mifugo wa serikali, akasema serikali itatoa vita vikiisha.

Lakini amri ya kuua inaanza kesho. Nguruwe mmoja akiugua, wanamuua yeye na wote aliokutana nao.

Nani atasema, basi?

Nguruwe wangu dume hajala tangu asubuhi. Masikio yamekuwa mekundu. Labda ni jua tu. Labda...

Nikisema, wataua pia jike wa Mama Furaha, jirani yangu aliyekimbia vita Uvira. Alimleta apandwe na dume wangu jana. Hana mali nyingine. Nikinyamaza, homa itaingia mtaa mzima, na itakuwa imetoka kwangu.

Jioni hii Mama Furaha amekuja na bakuli la sombe, majani ya muhogo, kunishukuru.

"Papa Janvier, naona mimba haijashika. Jike bado anahangaika kutaka dume. Kesho nimurudishe kwako?"

Sijawahi kumnyima mtu dume wangu. Nikikataa leo, baada ya mkutano ule, nitakuwa nimeshasema kwamba anaumwa.

"Iko shida?" akauliza.

"Apana, mama. Umulete."