Tepu ya Februari

Kakuma,
14 Juni 1996

Kwa kaka Ebenyo, Kaikor.

Ejok, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mbuzi wana maziwa. Mimi sina homa, ila vumbi la huku ni lile lile. Tafadhali isome mwenyewe. Darasa la nne ulilofika linatosha, nami nimeandika herufi kubwa.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Kompyuta za ofisini zina diski inayohifadhi majina ya wakimbizi wanaopokea posho kwetu. Asiye na jina humo hapati chakula. Kila Ijumaa nanakili majina hayo kwenye tepu, kitu kama kaseti ya redio, ili diski ikifa tusianze upya. Zamani tepu zote zilikaa kabati moja. Mimi ndiye niliyemwambia mkubwa wetu kwamba hata mfugaji haweki mbuzi wake wote boma moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki, ili adui akivamia asimalize wote. Alicheka, kisha akakubali tepu moja ikae Lodwar. Maneno hayo ni yako, kaka, nami nilijisifu nayo.

Mwezi uliopita diski ilikufa. Tepu za kabatini nazo joto na vumbi vilikuwa vimeshazimaliza. Ikabaki ile ya Lodwar, iliyopelekwa Februari, maana tangu hapo barabara haikuwa salama. Nikatumwa kuifuata. Wakati wa kurudi niliipakata njia nzima, na mara mbili nilitamani kuiacha juani mbele ya gari iharibike. Sababu utaiona. Lakini watu walikuwa wamekaa siku tatu bila posho, basi nikaifunga ndani ya shati.

Ikasomeka. Tuliita majina nje ya ofisi, na kila mtu akaja na kadi yake. Jina moja, Marial Akol, liliitwa mara tatu bila mtu kuitika. Kompyuta huonyesha ni nani aliyeandika kila jina, na hilo lilionyesha Malek, mkimbizi ninayefanya naye kazi, mtu mpole kuliko mimi. Mkubwa akaona ni jina la uongo la kuibia posho, akamtaka akabidhi funguo za ofisi. Malek alisema hamjui Marial yeyote, akaziweka mezani.

Kaka, Marial ni wewe. Ukame ulipokuleta kwangu Desemba na mbuzi sita tu, nilikaa kwenye kompyuta ya Malek alipokwenda kula, nikakuandika mkimbizi. Mahindi na mafuta niliyokuambia nimekununulia yalikuwa posho ya Marial. Mvua ilipokuja Aprili ukarudi nyumbani, nami nikalifuta jina. Kwenye diski lilifutika. Kwenye tepu ya Lodwar lilikuwa bado.

Nilimwambia mkubwa yote, Malek akisikia. Amerudishiwa funguo, mimi naondoka mwisho wa mwezi. Malek hasemi nami, na simlaumu. Kazi hainiumi sana. Kinachoniuma ni yule mbuzi mweupe uliyenichinjia siku ya kuagana, katika wale sita, ukisema mdogo wako amekulisha kwa jasho lake. Nilikula nikanyamaza.

Nisalimie Akai na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Uniambie kama nije Kaikor, au nikae kwanza Lodwar mpaka moyo wako upoe.

Ni mimi mdogo wako,
Lopeyok