Sauti ya Mlango wa Chini

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeficha hili: mlango wa chini niliufungua mimi. Polisi niliwaambia nilikuwa nimelala. Uongo. Juzi usiku nilikuwa macho, mtungi wa oksijeni pembeni, nikingoja taarifa ya habari. Simu ya mlango ikalia. "Shikamoo, babu." Nikaitikia marahaba, nikabonyeza kitufe cha kufungulia mlango. Ndiyo sheria yangu kwa wajukuu na watoto wa kanisani: asiyeamkia kwa Kiswahili abaki nje kwenye baridi ya Uswidi. Hakuna aliyefika kwangu. Nikasikia risasi ngazini. Patrick, kijana wa Mama Furaha wa ghorofa ya juu, alikuwa anashusha takataka. Zilimuua yeye.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Furaha kaleta sombe, kisamvu cha kwao Kongo. Kafiwa yeye, ananilisha mimi. Macho yamemvimba. "Papa, huyu mutu, nani alimufungulia mulango?" Nikasema sijui. Sombe nikaifunika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nawashuku wote. Binti wa huduma anayeniogesha anaijua sheria yangu. Darasa langu lote la Kiswahili la Jumapili wanaijua, tena huicheka. Lifti ikisimama ghorofa yangu nabana pumzi. Na pumzi zenyewe sina.

Ijumaa, 7 Novemba

Elia kaja, mtoto wa binti yangu Neema. Peke yake. Koti jipya. Miaka yote, ukiondoa shikamoo ya mlangoni, ukimsemesha anajibu Kiswidi. Leo Kiswahili kimemtoka kama maji.

"Umekula nini leo, mzungu wangu?" nikamtania.

"Nimekua, babu." Hakucheka.

Akaanza kuhoji: polisi wameniuliza nini? Nimewajibu nini? Kisha, akichungulia dirishani: mdogo wake Patrick bado analala huko juu? Nikasema sifuatilii ya watu. Akanimiminia chai. Sikuinywa. Nimemwogopa mjukuu wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijalala. Neema alipiga simu kutoka kazini, Sundbyberg. Anafurahi kwamba Elia ameanza kunijali. Nikamwacha afurahi. Nikisema, nitammaliza. Ni mwanangu wa pekee. Nisiposema, huko juu kuna mtoto anayerudi kutoka shule na gitaa mgongoni, anapita ngazi zilezile. Daktari hanipangii tena miadi ya mwakani. Sina muda wa kuwa mwoga.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Kifua. Leo gitaa halikusikika huko juu. Nikakaa nimetega sikio mpaka niliposikia mtoto akikohoa.

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Mtaa wetu wa Tensta umetulia. Nimewapigia polisi mwenyewe. Kaja mama mmoja, kavua viatu mlangoni, kakaa karibu ili nisipaze sauti. Nikamweleza kwa Kiswidi, polepole, hewa ikinikatika. Alingoja kila nilipokatika. Kwamba nilikuwa macho. Kwamba nilifungua mimi. Kwamba sauti niliijua palepale, kabla sijaitikia; hata daftari hili nililidanganya.

Ilikuwa ya Elia.